Donge la jibini

Donge la jibini ni kitafunio cha karamu cha Marekani, kinachofinyangwa kwa jibini laini la krimu lililochanganywa na jibini gumu lililokunwa, aghalabu cheddar. Mapishi yake yamo katika *Food of My Friends*, kitabu cha Virginia Safford cha mwaka 1944, na miaka ya 1970 lilikuwa pambo la kawaida la meza za sikukuu.

Jibini la krimu, gramu 450 kwa 225 za cheddar, huachwa kwanza nje ya friji. Hatua hii haifai kurukwa: likipondwa lingali baridi, hubaki na vidonge vyeupe visivyochanganyika. Huongezwa kitunguu kilichokatwa vidogo vidogo na matone ya sosi ya Worcestershire. Mchanganyiko hufungwa kwa nailoni, huviringwa, kisha hukaa kwenye friji saa 2 au zaidi. Mafuta ya maziwa yakipoa hukaza, donge likashika umbo.

Mwisho hugaragazwa kwenye kokwa za pekani zilizokaangwa bila mafuta na kupondwa. Zikipakwa mapema hunyonya unyevu na kulegea, ule mlio wake mzuri mdomoni ukapotea.

Huliwa kwa biskuti za chumvi.