Kiti kikibaki wazi, nani akikalie?

Vijana wenzangu, Januari 2008 Wakenya walivuka Busia na Malaba wakikimbia fujo za baada ya uchaguzi. Wengi walipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo. Kwa hiyo namwelewa anayesema: mbunge akifa, teueni tu kijana mpya, kura italeta shida.

Lakini Uganda ilishaonja utawala bila kura: 1971 Amin alivunja Bunge, akatunga sheria kwa amri zake. Leo kiti cha jimbo kikiwa wazi, Katiba ya Uganda inataka uchaguzi mdogo ndani ya siku 60, ya Kenya siku 90.

Mfano hauko mbali. Mwaka 2012 mbunge wa Usuk, huko Katakwi, kaskazini mwa Tororo, alifariki. Binti yake Proscovia Oromait, miaka 19 tu, akagombea na kushinda. Ndiyo, jina la baba lilimsaidia. Lakini aliomba kura, na watu wangeweza kumkataa.

Tofauti iko hapo. Aliyeteuliwa anamshukuru aliyemteua. Aliyechaguliwa ana deni kwa wapiga kura. Hata kwenye kamati zetu, mwenzetu akipata safari ya nchi ya tatu, tusingoje ofisi ituletee jina. Tuchague wenyewe, hata kwa kunyoosha mikono.