Siti binti Saad: Santuri na Kumbukumbu za Wasikilizaji

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari pamoja na wenzake kwenda Bombay, wakaimba taarabu ya Kiswahili ikatiwa katika sahani za santuri. Upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu hivi tu. Barazani wimbo haukufungwa na kipimo hicho.

Tutazame wimbo wa Kijiti. Wahusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, lakini maneno yake hayaelezi yote, kwani wasikilizaji walikwisha kuijua kesi. Kisa chenyewe chaeleweka leo kwa sababu wazee walikihadithia, na Laura Fair akakiandika katika kitabu chake cha mwaka 2001.

Basi mwenye kunakili maneno ya sahani peke yake amenakili nusu ya matini. Nusu ya pili ilikaa vifuani mwa waliohudhuria. Siti alifariki mwaka 1950, na wasikilizaji wake karibu wote wamemfuata. Waliomwona Bi Kidude jukwaani, aliyefariki mwaka 2013, wangalipo wengi. Yatupasa kuwauliza sasa.