Sampuli na kielelezo

Sokoni Kpandroma, Kongo, samaki huitwa kwa kile alichofanyiwa. Aliyetiwa chumvi ni makayabo, mwingine ni wa moshi, mwingine ni mbichi. Mnunuzi akiuliza samaki gani, mama muuzaji hujibu "makayabo", nalo jibu linatosha, kwa sababu anayenunua anataka kujua kama atamloweka kwanza kabla ya kumpika. Lakini mwanafunzi wa biolojia akichukua kipande cha makayabo hayo akipeleke darasani, ana swali la namna nyingine, na swali hilo linadai maneno yasiyogongana.

La kwanza ni spishi. Wengi husema aina, ila aina imebebeshwa mengi mno: aina ya bei nafuu, aina ya kukaanga, aina ya ziwani. Mtazame samaki wa Ziwa Albert aitwaye kapitene. Mwaka 1929 Mwingereza Worthington alimtenga mmoja wao akamwita Lates macrophthalmus, mwenye macho makubwa, anayekaa kwenye kina kirefu. Mwenzake, Lates niloticus, hupenda maji ya karibu na ufuko. Muuzaji ana haki ya kuwaita wote kapitene na kuwahesabu aina moja. Ni spishi mbili hata hivyo, na bila neno spishi jambo hilo halisemeki. Ndiyo maana nalitetea mbele ya wanaoliona la kigeni.

Kuna pia msimbopau. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kipande kimoja cha jeni ya mitokondria, iitwayo COI, kitumike kuwatofautisha wanyama. Kina herufi 650 hivi za vinasaba. Jina walilitoa kwenye mistari ya bidhaa za dukani, na Kiswahili kikafuata. Linaeleweka upesi, lakini linaficha jambo. Mistari ya dukani hubandikwa na mtu anayejua anauza nini. Herufi za samaki hakuna aliyezibandika, na jina la samaki halimo ndani yake. Darasani unakwangua mnofu kidogo, unatoa vinasaba (ambavyo mwanafunzi wa Kongo huvijua kwanza kwa Kifaransa, ADN), unakizidisha kile kipande kwa mashine inayopasha joto na kupoza kwa zamu, kisha zinasomwa herufi na kupelekwa kwenye hazina ya misimbopau iitwayo BOLD. Huko hulinganishwa na herufi za samaki wengine. Kitenzi cha kweli cha kazi hii ni kulinganisha. Kutambua huja baadaye, iwapo hazina ina wa kulinganishwa naye. Na kama samaki ni wa moshi, joto limekwisha kuvikatakata vinasaba vyake, hivyo hutafutwa kipande kifupi zaidi.

Sampuli na kielelezo ndiyo maneno yanayoniuma zaidi, maana hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Sampuli ni kile kipande cha pezi ndani ya kichupa. Kielelezo ni samaki mzima aliyehifadhiwa kwenye alkoholi, mwenye namba, tarehe na mahali alipovuliwa, aliyekaguliwa na mtaalamu wa samaki. Mwaka 2016 Eva Decru na wenzake walichapisha utafiti wa samaki wa kaskazini-mashariki ya bonde la Kongo, na wakakuta umbo la mwili na vinasaba havikubaliani mara nyingi. Mgogoro wa namna hiyo huamuliwa kwa kurudi kwenye kielelezo na kuhesabu magamba upya. Sampuli haina magamba ya kuhesabu. Kwa furu wa Ziwa Victoria hali ni ngumu zaidi: spishi zao ni changa mno hata COI mara nyingi haiwatenganishi.

Wanafunzi wawili wa sekondari wa New York walipopeleka samaki wa maduka na mikahawa kupimwa kwa msimbopau mwaka 2008, karibu robo ya waliopatiwa jina walikuwa wameuzwa kwa jina lisilo lao. Huo ulikuwa udanganyifu au uzembe, kwa kuwa bango lilitaja spishi. Makayabo hayajawahi kuahidi spishi. Kwa hiyo daftari la maabara Kpandroma liwe na safu mbili: jina la sokoni, kama mama alivyolitamka, na pembeni yake spishi iliyolingana, kwa asilimia ngapi, na kielelezo namba gani.