Kwa nini breki hulia? Historia ya kelele iliyotugharimu mapafu

Mwaka jana gari la mjomba wangu lilianza kulia kila akikanyaga breki. Haikuwa kelele kubwa, ni ule mlio mwembamba unaokufanya ukaze meno. Tukalipeleka gereji. Fundi akafungua tairi la mbele, akapuliza vumbi kwa kompresa hadi sote tukakohoa, akasugua pedi kwa msasa, akapaka grisi kidogo kwa nyuma, akafunga. "Kelele kwisha, mzee." Na kweli iliisha. Wiki tatu baadaye ikarudi, ila safari hii ilikuwa mkwaruzo. Pedi zilikuwa zimelika zote, chuma kinasaga diski. Mjomba akalipia pedi na diski pia.

Mimi nasomea uhandisi wa mitambo, kwa hiyo kisa kile kilinikera kidogo, halafu kikanipeleka maktaba. Nilichokikuta ni kwamba watu wamehangaika na mlio huu kwa zaidi ya miaka mia moja, na dawa moja waliyoipata iliua watu. Hebu twende nayo taratibu.

Tuanzie Uingereza mwaka 1902, mjini Birmingham. Mhandisi Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski: sahani nyembamba ya chuma inayozunguka pamoja na tairi, na vipande viwili vinavyoibana pande zote mbili. Ukichungulia kwenye tairi la mbele la gari lako leo, wazo ni lile lile. Tatizo lilikuwa vile vipande vya kubana. Lanchester alitumia shaba. Chuma kwa chuma, si unajua? Vilikuwa vinapiga kelele ya ajabu na vinaisha haraka. Wazo lilikuwa zuri, ila lilikosa kitu cha kuweka katikati.

Kitu hicho kilikuwa kinatafutwa na mtu mwingine, Herbert Frood, katika vilima vya Derbyshire. Huko mikokoteni ya farasi ilitumia breki za mbao, na kwenye mteremko mkali mbao haikushika vizuri. Inasimuliwa kwamba Frood aliona wenye mikokoteni wakipigilia soli za viatu chakavu juu ya mbao ili ishike. Mwaka 1897 akaanza kutengeneza vifaa bora vya kushika, na kazi yake ndiyo iliyokuja kuzaa jina la Ferodo, ambalo ni herufi za jina lake zilizochanganywa na kuongezwa "e" moja. Pengine umeliona jina hilo kwenye duka la spea.

Kufikia 1908 Frood alikuwa anatumia asbesto. Kwa macho ya mhandisi wa wakati ule, nyuzi hizi za mwambani zilikuwa kama zawadi. Haziungui, zinashika vizuri, zinavumilia joto la mteremko mrefu, na ni rahisi. Zaidi ya hapo, chuma kikibanwa na asbesto iliyoshikizwa kwa utomvu, kelele inapungua sana. Basi asbesto ikawa kitu cha kawaida kwenye breki za magari, na ikabaki hivyo kwa miongo mingi.

Lakini mlio haukuisha kabisa, na hapa ndipo fizikia inapoingia. Fikiria zeze la Wagogo. Upinde ukipita juu ya uzi, unaushika na kuuvuta, uzi unakaza, unaponyoka, unashikwa tena. Shika, ponyoka, shika, ponyoka, mara mamia kwa sekunde, na sikio lako linasikia muziki. Chaki ikilia ubaoni ni jambo lile lile, ila bila muziki. Kwenye breki, pedi na diski hutetemeka kati ya takriban mara 1,000 na 16,000 kwa sekunde. Diski yenyewe inakuwa kama kengele. Kwa hiyo breki inayolia inaweza kuwa inasimamisha gari vizuri tu, ila vyuma vyake vimeanza kucheza.

Mwaka 1938 mtafiti H. R. Mills alichunguza kama sababu ni msuguano unaobadilika kulingana na kasi, yaani pedi inashika zaidi gari likienda polepole. Alipata uhusiano fulani, ila haukutosha kueleza kila mlio. Mwaka 1961 R. T. Spurr akaja na maelezo tofauti: hata msuguano usipobadilika, namna vipande vilivyokaa inaweza kuleta mtetemo. Jaribu hivi. Shika fimbo mkononi, iinamishe ncha ikiwa mbele yako, kisha isukume mbele sakafuni. Ncha itajikita, fimbo itapinda, itaruka, itajikita tena. Sasa iburuze nyuma yako, itateleza bila shida. Fimbo ni ile ile na sakafu ni ile ile, kilichobadilika ni mkao wake tu.

Ndiyo maana fundi mzuri haishii kwenye uso wa pedi. Anaangalia pini za kaliperi kama zimekauka, vibati vidogo vya nyuma ya pedi kama vipo, na pedi kama imekaa sawa mahali pake. Grisi ya fundi wa mjomba haikuwa upuuzi. Grisi inayovumilia joto, ikipakwa nyuma ya pedi na kwenye pini, inanyonya mtetemo. Ila isiguse uso wa pedi hata kidogo, maana hapo utakuwa umepunguza breki zenyewe.

Sasa turudi kwenye vumbi lililotukohoza.

Wakati wahandisi wanahangaika na mlio, wafanyakazi wa viwanda vya asbesto walikuwa wanakosa pumzi. Mwaka 1924, mjini Rochdale, alifariki Nellie Kershaw, mwanamke wa miaka 33 aliyefanya kazi ya kusokota nyuzi za asbesto. Daktari William Cooke alikuta mapafu yake yamejaa makovu na chembe za asbesto, akaandika kuhusu kifo hicho katika jarida la madaktari wa Uingereza. Mwaka 1927 akaupa ugonjwa jina: asbestosisi. Mwajiri wake hakumlipa fidia, na alizikwa kwenye kaburi lisilo na alama.

Mwaka 1930 ikatoka ripoti ya serikali ya Uingereza iliyoandikwa na Merewether na Price. Walipima wafanyakazi 363, na zaidi ya robo walikuwa na makovu kwenye mapafu. Kanuni zikaja 1931, zikilenga viwanda vinavyotengeneza bidhaa za asbesto. Fundi wa gereji anayefungua breki na kupuliza vumbi hakuwa mtu waliyemfikiria. Mwaka 1960, huko Afrika Kusini, J. C. Wagner na wenzake wakaeleza wagonjwa 33 wa saratani adimu ya utando wa mapafu, karibu wote wakiwa wamewahi kukaa karibu na asbesto. Baadhi hawakuwahi hata kufanya kazi mgodini, waliishi jirani tu.

Hesabu mwenyewe: kutoka 1924 mpaka Uingereza ilipopiga marufuku kabisa mwaka 1999 ni miaka 75. Afrika Kusini ikafuata 2008. Marekani ilipiga marufuku aina ya mwisho iliyokuwa bado inatumika mwaka 2024 tu. Nadhani sababu moja ya kuchelewa hivi ni kwamba asbesto ilifanya kazi vizuri. Gari lilisimama na dereva hakusikia kitu. Madhara yalikuja miaka ishirini, thelathini baadaye, kwa mtu mwingine kabisa.

Leo pedi nyingi zina mchanganyiko wa nyuzi za chuma, seramiki au nyuzi nyingine, na zile zenye chuma kingi huwa na kelele zaidi. Halafu kuna jambo lililonifurahisha: watengenezaji wameirudisha kelele wenyewe! Kwenye pedi nyingi kuna kibati chembamba kilichokunjwa. Pedi ikibaki milimita mbili au tatu, kibati kinagusa diski na kulia. Kimewekwa pale kikuambie ubadilishe pedi kabla chuma hakijafika kwenye diski.

Bila shaka ndicho kilichokuwa kinalia kwenye gari la mjomba. Fundi alikisikia, akakinyamazisha.

Kwa hiyo gari lako likianza kulia, fanya hivi. Kama linalia asubuhi tu baada ya mvua na kuacha ukishakanyaga breki mara chache, hiyo ni kutu nyepesi, usiwe na wasiwasi. Kama linalia kila mara, mwambie fundi apime unene wa pedi kabla hajagusa msasa. Zikiwa chini ya milimita tatu, badilisha, na zile za tairi la upande wa pili pia. Zikiwa bado nene, akague pini, vibati na uso wa diski. Kama ni mkwaruzo mzito badala ya mlio, usiendelee kuliendesha.

Na kuhusu vumbi: huwezi kujua kwa macho kama pedi ya zamani au ya bei chee haina asbesto. Mwombe fundi asitumie kompresa. Alowanishe kwanza kwa maji yenye sabuni, afute kwa kitambaa, kitambaa kiingie kwenye mfuko na kutupwa. Wewe unapita pale gereji mara mbili kwa mwaka. Yeye na kijana anayejifunza kazi pembeni yake wako pale kila siku.