Bahari ya Lamu na Shauri la Makaa ya Mawe

Nahodha wa Lamu asemapo ya kuwa bahari imechafuka, hana maana ya taka wala ya mafuta. Maana yake ni kwamba upepo umezidi, mawimbi yamesimama, na chombo hakiwezi kutoka. Maneno hayo yamekaa katika vinywa vya mabaharia tangu zamani, na hata leo mtu wa pwani huyaelewa hivyo kwanza. Basi mtu wa ofisini anaposema habari ya “uchafuzi wa bahari”, anatumia shina ambalo lilikwisha kuwa na kazi nyingine kabla yeye hajafika. Msikilizaji atatambua makusudio yake kwa kufuata mazungumzo, lakini hapana budi asite kidogo.

Nimeanza na jambo hili dogo kwa sababu shauri ninalotaka kulieleza, yaani shauri la mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, aghalabu husimuliwa kama habari ya moshi na samaki, au ya sheria na fedha. Yote hayo yamo. Walakini mtu akiisoma hukumu iliyotolewa mwezi wa Juni mwaka 2019, ataona ya kwamba leseni ya mtambo ule ilianguka, kwa sehemu kubwa, juu ya swali moja: nani aliambiwa nini, wakati gani, na kwa njia gani. Swali hilo ni la wanasheria, lakini ni letu pia, sisi tunaoshughulika na Kiswahili.

Lamu si mji uliokuwa umejificha hata ukahitaji kuonyeshwa dunia. Msikiti wa Pwani unahesabiwa kuwa wa karne ya 14, na mji mkongwe uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Bahari yake ilikuwa njia. Majahazi yalipakia boriti za mikoko yakazipeleka Uarabuni na nchi za Ghuba, ambako nyumba nyingi ziliezekwa kwa miti hiyo, mpaka Serikali ya Kenya ilipokataza kuipeleka nje mwaka 1982. Wakataji miti ya Lamu hawasemi “nguzo” tu kama sisi. Wana fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa, kila jina kwa unene wake. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika sehemu hii. Tena upande wa kaskazini Wabajuni, wenye lahaja yao ya Kitikuu, wameenea kutoka Faza na Kiwayuu mpaka Kismayuu, na kwao mpaka wa Kenya na Somalia ni mstari uliopita katikati ya maji waliyoyavua tangu babu zao. Mtu wa namna hii hahitaji kufundishwa ya kuwa jambo lifanywalo ng'ambo huweza kumfikia nyumbani. Biashara yake yote ilikuwa hivyo.

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki wa Kenya, pamoja na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini, walikutana Lamu kuanzisha ujenzi wa bandari mpya na njia kuu za kuiunganisha na nchi hizo mbili, mradi ujulikanao kwa jina la LAPSSET. Mpango ulikuwa wa magati 32. Kuchimba bahari ili meli kubwa zipite ni kuchimba mahali pa samaki, na kina cha maji kinachofaa meli hakifai mtego wa mvuvi. Wenyeji walikwenda mahakamani mwaka ule ule wa 2012. Hukumu ilichukua miaka 6, na ilipotoka mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76. Lililo kubwa zaidi kwa maoni yangu ni kuwa mahakama haikutazama hasara ya samaki peke yake. Ilikubali kwamba haki ya watu ya utamaduni wao na haki yao ya kupewa habari zilikuwa zimevunjwa.

Shauri la pili lilizaliwa wakati lile la kwanza lingali mahakamani. Serikali iliyoingia mwaka 2013 ilikuwa imeahidi kuongeza umeme wa nchi kwa kiasi kikubwa katika muda mfupi, na mwaka 2014 kampuni iitwayo Amu Power ilipewa zabuni ya kujenga mtambo wa megawati 1,050 mahali paitwapo Kwasasi, bara, kaskazini ya kisiwa cha Lamu. Gharama yake ilikadiriwa kuwa dola za Marekani bilioni 2. Makaa yenyewe hayakuwa ya Lamu. Yangeletwa kwa meli kutoka Afrika ya Kusini, mpaka hapo machimbo ya Kitui yatakapokuwa tayari. Fedha zilitazamiwa kutoka katika benki ya China, na baadaye kampuni moja kubwa ya Marekani ilikusudia kuingia kwa mitambo na hisa. Hivyo makaa yangetoka nchi moja, fedha nchi ya pili, mashine nchi ya tatu, na umeme ungekwenda Nairobi. Moshi, majivu na maji ya moto ndivyo vingebaki.

Nayaeleza haya matatu kwa kuwa ndiyo mzizi wa malalamiko. Dohani ilikusudiwa kuwa na urefu wa meta 210, ili moshi upelekwe juu na mbali. Lakini “mbali” katika nchi ya pepo mbili si mahali popote. Kaskazi hushuka kutoka kaskazini-mashariki miezi ya joto, na kusi hupanda kutoka kusini. Kila mvuvi anajua siku za zamu zao, na kwa hiyo anaweza kujipigia hesabu mwenyewe ni miezi gani moshi wa Kwasasi utavuma upande wa Lamu na ni miezi gani utavuma upande wa Pate. Majivu yangelimbikizwa katika shimo kubwa karibu na pwani, na ndani ya majivu ya makaa mna madini mazito kama zebaki na risasi, yasiyooza. Tena mtambo ulipaswa kupozwa kwa maji ya bahari, yaingie ya baridi na yatoke ya moto. Mazalio ya samaki, nyasi za bahari, matumbawe na kamba havivumilii maji kupata moto kupita kiasi.

Wenyeji hawakuwa na neno moja, na si haki kuandika kana kwamba walikuwa nalo. Walikuwako walioutaka mtambo kwa ajili ya kazi, kwa kuwa vijana wa Lamu wasio na ajira ni wengi, na uvuvi ulikwisha kudhoofishwa na mambo mengine, pamoja na hofu ya usalama iliyofuata mauaji ya Mpeketoni ya mwezi wa Juni 2014. Upande wa pili ulikusanyika katika muungano wa vikundi vya wenyeji uitwao Save Lamu. Jina hilo la Kiingereza limewahi kuchekwa na watu wasiofikiri. Mtu anayetaka kusikiwa na wakubwa wa benki za ng'ambo hujiita kwa lugha watakayoisoma. Mikutano yenyewe ilifanywa kwa Kiswahili.

Tarehe 7 Septemba 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya, iitwayo NEMA, ilitoa leseni. Save Lamu pamoja na watu 5 wakakata rufani katika Baraza la Kitaifa la Mazingira.

Neno hili “baraza” linastahili kutazamwa. Katika nyumba ya Lamu, baraza ni kibao cha mawe kando ya mlango, wanapokaa wazee jioni na kusikia habari za mji. Kisha serikali ya kikoloni ikalichukua neno hilo ikalifanya kuwa jina la mkutano ambao mkuu wa wilaya husimama akasema na watu wakakaa wakasikiliza. Kisha likawa jina la chombo cha kuhukumu. Baraza la kwanza ni la kuzungumza kwa zamu, la pili ni la kuambiwa, na la tatu ni la kupima baina ya wawili. Ugomvi wa Lamu, kwa kweli, ulikuwa kwamba watu waliahidiwa la kwanza wakapewa la pili, ikawalazimu kwenda katika la tatu.

Kanuni za Kenya za mwaka 2003 za kuchunguza athari za miradi hazina shaka katika jambo hili. Kanuni ya 17 inamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali watu wapitapo, atangaze magazetini, na atangaze kwa redio, angalau mara moja kwa juma katika majuma mawili yanayofuatana, tena kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Kisha afanye mikutano isiyopungua 3 na watu watakaoguswa. Naomba msomaji ayatazame maneno hayo “na lugha za wenyeji”. Mwandishi wa kanuni alijua kwamba lugha rasmi ni kitu kimoja na lugha ya nyumbani ni kitu kingine. Katika Lamu lugha za wenyeji ni Kiamu, Kipate na Kitikuu, na kwa watu wa msituni wa bara ni lugha ya Waaweer, ambao mara nyingi husahauliwa hata na wanaowatetea wengine.

Mikutano ilifanyika, lakini ya mwanzo, kabla uchunguzi haujakamilika. Katika mikutano ile watu walielezwa ya kuwa mtambo unakuja. Hawakuweza kuelezwa utafanya nini, kwa kuwa taarifa ilikuwa bado haijaandikwa. Na taarifa ilipokwisha kuandikwa, nayo ilikuwa ya kurasa mia kadha za Kiingereza cha wahandisi, haikurudishwa kwao kama kanuni ilivyotaka. Baraza, katika hukumu yake ya tarehe 26 Juni 2019, likaona kwamba kuutambulisha mradi si kuwashirikisha watu. Likaona pia kwamba sheria ya mwaka 2016 ya mabadiliko ya tabia nchi haikutiliwa maanani. Leseni ikafutwa, na mwenye mradi akaambiwa kwamba akitaka kuendelea aanze uchunguzi upya.

Hapa ndipo naona aibu kidogo kwa niaba ya taaluma yetu. Tuseme taarifa ile ingeletwa Lamu kwa Kiswahili, je, ingesomeka? Jina lake tu, “tathmini ya athari kwa mazingira”, ni maneno matatu ambayo kila moja lina mlango wake. Tathmini imetoka katika Kiarabu kwa maana ya kutia thamani, yaani bei. Athari ni alama iliyobaki, kama unyayo. Mazingira yametoka katika kuzingira, na mtu wa kale aliyesikia kwamba mji umezingirwa alikimbilia silaha. Makaa ya mawe nayo humfanya mama wa nyumbani afikiri mkaa wa jiko, ambao moshi wake anaujua na hauogopi. Sisemi maneno haya ni mabaya. Nimeyatumia mimi mwenyewe katika makala haya, na yamekwisha kukubaliwa. Nasema yaliundwa katika vikao vya mijini ili yalingane na maneno ya Kiingereza, wala hakuna aliyekwenda kuwauliza wakataji mikoko wenye majina sita ya unene wa mti, au wavuvi wenye majina ya kila mkondo, wao wangeyaitaje mambo haya. Mvuvi wa Faza haitaji neno la kumfahamisha kwamba maji yakipata moto samaki hukimbia. Anahitaji kuambiwa ni maji kiasi gani, yatatoka wapi, na yatakuwa ya moto kwa kadiri gani. Na maneno ya hayo anayo.

Baada ya hukumu mambo yalikwenda upesi. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitenga na mradi mwezi wa Novemba 2019, benki ya China ikafuata mwezi wa Novemba 2020, na mwaka ule ule kampuni ile ya Marekani ikatangaza kuacha kujenga mitambo mipya ya makaa. Amu Power ilikata rufani, na shauri likakaa miaka mingine 6. Mwezi wa Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi iliithibitisha hukumu ya Baraza.

Bandari lakini ilijengwa. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na mahali palipochimbwa pamechimbwa. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858 katika visiwa hivi hivi, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, na nakala zake zikapita mikononi mwa wanawake wa Lamu na Pate kwa vizazi. Hukumu ya mwaka 2019, ambayo ni ya watu wale wale, iliandikwa kwa Kiingereza, kama taarifa iliyoipinga. Mvuvi wa Kwasasi aliyeshinda shauri lake alilazimika kupata habari ya ushindi kwa kusimuliwa, barazani.