"Ati" ya Kamembe

Mtu wa Kamembe, Rwanda, akimjibu mwenzake, "Mzee amesema ati mkutano ni Jumanne," msomaji wa Mombasa au Unguja atadhani mzee anakejeliwa. Pwani, ati ni ndugu wa eti: hutilia shaka maneno ya mtu. Katika Kinyarwanda, ati ni "akasema" tu, tena hubadilika kwa nafsi: nti, uti, ati, bati. Anayesimulia uvumi hutumia ngo.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, nami sioni haja ya kuifukuza ati hii. Ila katika barua pepe za kundi, ambamo sauti haisikiki, mtaje msemaji, nukuu sentensi unayoijibu tu, uifunge kwa alama za kunukuu. Kurudisha barua nzima ili kuongeza "sawa" ni uvivu.