Mwenye vyombo ndiye mwenye jina: historia ya wanamuziki waliohama bendi pande zote za Ziwa Tanganyika

BARAKA, FIZI – Vijana wanaofuata mieleka ya Marekani kwenye televisheni na kwenye simu wanaijua vizuri siku ya kugawa wapiganaji. Kampuni inawataja mmoja mmoja: huyu anaenda Raw, yule anaenda SmackDown. Mgawanyo wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika tarehe 25 Machi 2002. Vince McMahon, aliyesimamia SmackDown, alimchukua The Rock kwanza. Ric Flair, aliyesimamia Raw, akajibu kwa kumchukua Undertaker. Wakati huo kampuni ilikuwa bado inaitwa WWF. Jina la WWE lilikuja Mei mwaka huohuo.

Ugomvi wa makundi hayo mawili ni wa kuigiza. Mwaka 2001 kampuni ilikuwa imemnunua mpinzani wake mkubwa, WCW, ikabaki na wapiganaji wengi kuliko nafasi zilizopo, ndipo ikawagawa ili washindane wao kwa wao. Tajiri alikuwa mmoja. Mpiganaji anapohamishwa, anayeamua ni mwenye kampuni.

Wazee wa pande zote mbili za Ziwa Tanganyika wanaijua hadithi inayofanana na hiyo, lakini yao haikuigizwa. Ni hadithi ya bendi za dansi, za waimbaji na wapiga gitaa waliotoka Kongo wakavuka mipaka, wakanyakuliwa na bendi nyingine, wakagawanyika, wengine wakarudi walikotoka. Familia za Fizi zinazojua maana ya kuhama na kuanza upya zinaweza kujifunza kitu ndani yake.

Léopoldville ilianza mapema

Mwaka 1960 bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele, Grand Kallé, ilikwenda Brussels wakati wa mkutano wa Meza ya Duara, na huko ukazaliwa wimbo wa Indépendance Cha Cha. Miaka mitatu baadaye bendi hiyo ilipasuka. Mwaka 1963 Tabu Ley Rochereau na mpiga gitaa Docteur Nico walimwacha Kallé wakaanzisha African Fiesta. Nayo haikudumu pamoja: Nico alishika njia yake na African Fiesta Sukisa, Tabu Ley akabaki na African Fiesta National.

Baada ya hapo kupasuka kukawa kama desturi. Zaïko Langa Langa ilizaliwa mwishoni mwa 1969. Kufikia 1974 Papa Wemba, Evoloko Jocker na Bozi Boziana walikuwa wametoka na kuunda Isifi Lokole. Mwaka 1977 Papa Wemba akaanzisha bendi yake mwenyewe, Viva la Musica. Kila aliyetoka alibeba sauti yake na mashabiki wake. Alichoshindwa kubeba ni jina la nyumba aliyoiacha.

Njia ya mashariki

Kinshasa ilikuwa imejaa bendi, na wanamuziki wengi wa Katanga, Maniema na Kivu walitazama upande wa mashariki. Lugha iliwasaidia. Aliyejua Kiswahili cha Lubumbashi au cha Kindu aliweza kuimba Dar es Salaam, Kampala au Nairobi na akaeleweka usiku wa kwanza.

Orchestra Maquis du Zaire ilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtindo wake uliopendwa sana uliitwa Kamanyola. Kwa mtu wa Kivu Kusini jina hilo halihitaji maelezo: ni Kamanyola ya bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Bukavu. Mobutu alilitukuza jina hilo kwa sababu ya mapigano ya 1964, akaipa hata divisheni ya jeshi lake. Huko Dar es Salaam likawa jina la kucheza dansi, na watu wakalipa kiingilio ili waicheze Kamanyola bila jasho.

Ndala Kasheba, maarufu kwa gitaa lake la nyuzi 12, aliingia Tanzania na bendi ya Fauvette. Baadaye akawa kiongozi wa Orchestra Safari Sound, iliyojulikana kwa mtindo wa Masantula. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, wakati Maniema ilikuwa bado ndani ya jimbo la Kivu. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kujiunga na bendi ya mjomba wake, Super Makassy. Makassy alipohamishia bendi Nairobi, Remmy alibaki. Akaingia Orchestra Matimila, na ni humo alimopata jina la Dokta Remmy. Kama angemfuata mjomba wake, pengine Tanzania isingekuwa na nyimbo zake za kuwatetea wanyonge. Alifariki Dar es Salaam mwezi Desemba 2010.

Nairobi nayo ilikuwa na hadithi zake. Baba Gaston, mwenyeji wa Likasi, alipitia Dar es Salaam na bendi yake ya Baba National, kisha akahamia Kenya mwaka 1975. Mwaka uliofuata kundi kubwa la wanamuziki wake lilimwacha kwa pamoja na kuanzisha Les Mangelepa. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipitia mashariki mwa Kongo akafika Kampala mwaka 1975, akiwa na Les Kinois. Mwaka 1977 alihamia Nairobi, na mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga. Jina alilochagua lilikuwa la milima ya volkano ya Kivu.

Kwa nini walihama?

Mashabiki walipenda kusema ni wivu au ni wanawake. Mara nyingi sababu ilikuwa vyombo.

Gitaa la umeme, vipaza sauti, ngoma za kizungu na saksafoni ni mali ya bei kubwa, na zilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Mwanamuziki wa kawaida hakuweza kujinunulia. Kwa hiyo kila bendi ilikuwa na mwenye vyombo. Tanzania wakati wa Ujamaa, mwenye vyombo mara nyingi alikuwa shirika au taasisi: chama cha wafanyakazi NUTA kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964, na jeshi, polisi na vijana wa chama tawala nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alilipwa mshahara kama mfanyakazi mwingine. Wengine waliajiriwa na wafanyabiashara.

Aliyemiliki vyombo alimiliki pia jina la bendi. Yeye ndiye aliyepanga ukumbi, mshahara, na nani aajiriwe au aachishwe. Alichokosa ni sauti. Sauti ilikuwa ya mwanamuziki, nayo iliweza kuondoka usiku mmoja kwenda kwa tajiri mwingine mwenye vyombo vipya na mshahara mzuri zaidi. Bendi ikanyakua huku, nyingine ikanyakua kule.

Kwa mgeni kutoka Kongo kulikuwa na mzigo wa pili: kibali cha kukaa na kufanya kazi. Asiye na tajiri wa kumsimamia alikuwa katika hatari, kwa hiyo kugombana na mwenye bendi hakukuhatarisha kazi peke yake.

Mwaka 1985: sita kwa mpigo

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde. Bendi hiyo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS, kwa kukusanya wanamuziki kutoka bendi nyingine. Mmoja wao alikuwa mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo, aliyekuwa NUTA Jazz tangu mwanzo wake. Shirika lilipofilisika mwaka 1983, bendi ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Wanamuziki hawakuhama mahali, ila mwenye mali alibadilika na jina likaongezwa herufi tatu mbele.

Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, alifanya uamuzi ulioshtua mji. Aliivunja bendi yake iliyoongozwa na Ndala Kasheba, kisha akawachukua wanamuziki sita muhimu wa Mlimani Park kwa mpigo, akiwemo Muhiddin Maalim na mpiga gitaa Abel Balthazar. Akaunda International Orchestra Safari Sound, wana Ndekule. Baadaye akaingia pia Nguza Viking, mpiga gitaa mwenye asili ya Kongo aliyetoka Maquis.

Tazama kilichotokea. Jina la Safari Sound lilibaki, lakini watu wake wa zamani waliondolewa. Jina la Mlimani Park lilibaki, lakini sita waliolipa uzito waliondoka. Kasheba, aliyekuwa kiongozi, alipoteza bendi bila kufanya kosa jukwaani. Wengi walidhani Sikinde itakufa, lakini walibaki watu wa kutosha waliojua kazi, wakaleta wengine, na bendi ikasimama tena. Ndekule haikudumu. Muhiddin Maalim mwishowe alirudi kwenye bendi yake ya zamani, ambayo NUTA ilikuwa imegeuka JUWATA, kisha OTTU, na leo inaitwa Msondo Ngoma. Aliimba huko hadi uzeeni na kufariki mwaka 2014. Msondo na Sikinde zinaendelea kushindana mpaka leo, na kila upande una wazee wake wasiokubali kushindwa.

Maquis walijaribu njia nyingine

Wana Maquis waliona hatari hiyo mapema. Kwa kuwa walikuwa wageni, hawakutaka kuishi kwa huruma ya tajiri mmoja. Waliunda kampuni ya wanamuziki wenyewe, OMACO, ili mali iwe ya bendi. Hilo halikuzuia watu kuondoka. Nguza Viking mwenyewe ni ushahidi. Lakini aliyeondoka aliacha nyuma kitu kilichokuwa cha wenzake, wala hakuna tajiri aliyeweza kuamka asubuhi akatangaza kwamba bendi imevunjwa.

Wenge, na ugomvi ulioingia mitaani

Vijana wa leo wanakumbuka zaidi mgawanyiko wa Wenge Musica mwaka 1997. JB Mpiana alibaki upande mmoja na Wenge BCBG. Werrason, Didier Masela na Adolphe Dominguez wakaenda na Wenge Musica Maison Mère. Pande zote mbili zilishika jina la Wenge, na mashabiki wakagawanyika mtaa kwa mtaa, hadi nje ya Kongo. Mwaka 2004 Maison Mère nayo ilipasuka: Ferre Gola na wenzake walitoka kuunda Les Marquis, na baadaye Ferre akapita Quartier Latin ya Koffi Olomide. Ilichukua karibu miaka 25 kabla ya wakubwa wa Wenge kusimama tena pamoja jukwaani Kinshasa, tarehe 30 Juni 2022.

Jina linapobaki bila mtu

Hapa mieleka inarudi, maana nayo ilionyesha wazi jambo hili. Mwaka 1996 Scott Hall na Kevin Nash waliihama WWF wakaenda kwa mpinzani, WCW. Kule walikotoka walijulikana kwa majina ya Razor Ramon na Diesel. Majina hayo yalikuwa mali ya kampuni. WWF ikawachukua watu wengine wawili, ikawavisha nguo zilezile na kuwapa majina yaleyale. Watazamaji walikataa. Walijua waliyempenda ni nani, na jina peke yake halikuwatosha.

Mashabiki wa Dar es Salaam walikuwa wamefanya hivyo miaka mingi kabla. Walikuwa wakiuliza kwanza nani yuko kwenye gitaa, nani anaimba, kisha ndipo walipe kiingilio.

Historia hii haiko mbali na Fizi. Vita vya 1996 vilivusha maelfu ya watu wa eneo hili kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo. Kuanzia 2005 meli za kurudisha wakimbizi zilikuwa zikitia nanga Baraka. Ndani ya safari hizo walikuwemo walimu wa kwaya, wapiga ngoma na wapiga gitaa. Mtu aliyekimbia hakuweza kubeba spika wala kinanda, lakini alibeba wimbo kichwani, na kundi jipya lingeweza kuanza mahali alipofika.

Kundi hilo jipya, liwe kwaya ya kanisa, bendi ya vijana au timu ya mpira, litakutana na maswali yaleyale yaliyowakuta wana Sikinde na wana Maquis. Vyombo vikinunuliwa na mfadhili au na mchango wa wote, ni vya nani? Mmoja akihama, anaondoka na nini? Jina linabaki kwa nani kundi likigawanyika? Wana Maquis walikaa chini wakayajibu mapema, na wakajiandikia kampuni. Kasheba na wenzake wa Safari Sound walijibiwa na mwenye vyombo, siku ambayo hakuwahitaji tena.